Tofali linamumunyuka, chumvi inatoka, ukuta umepasuka: uanze wapi?

Nyumba ya matofali ya kuchoma ikianza kuonyesha kasoro kwa nje, watu wengi hukimbilia mfuko wa simiti. Palipomeguka panasiribwa, palipopasuka panazibwa, penye madoa panapakwa rangi. Misimu miwili ya mvua ikipita kasoro imerudi, tena pembeni kidogo ya pale palipozibwa, na ni kubwa kuliko ya kwanza. Kilichoharibu ukuta mara nyingi ni maji, na simiti haikuyaondoa. Imeyafungia ndani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zunguka nyumba mara mbili. Mara ya kwanza toka na mwavuli wakati mvua inapiga kweli, uone maji yanashuka wapi, yanaruka wapi na yanatuama wapi. Mara ya pili zunguka siku mbili tatu baada ya mvua kukatika, uone ni wapi bado hapajakauka. Kusini mwa Uganda nafasi hiyo unaipata Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba; ukiwa kaskazini, kama Gulu au Arua, mvua ni msimu mmoja mrefu wa takriban Aprili hadi Oktoba. Uchunguzi ufanye mvua ikiwapo. Matengenezo yangoje ipungue.

Lijue pia tofali lako. Mengi huku yanatoka kwenye matanuri ya kienyeji: udongo wa bondeni, fomu ya mbao, kuanikwa, kupangwa, kusiribwa tope kwa nje na kuwashiwa kuni chini. Moto haufiki sawa kila mahali. Yaliyo karibu nao huiva sana, mengine hata kupinda. Yaliyo ukingoni hubaki nusu mabichi. Lori likija linapakia yote, ndiyo maana ukuta mmoja unaweza kuwa na tofali gumu kama jiwe na jirani yake linachimbika kwa ukucha. Ya kiwandani, kama yanayotoka Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe, ambako kiwanda cha Uganda Clays kimekuwapo tangu 1950, huiva kwa usawa zaidi, lakini hata hayo hayastahimili gata (mfereji wa ukingo wa paa) inayovuja juu yake mwaka hadi mwaka.

Unga mweupe juu ya matofali

Kama nyumba ni mpya, usihangaike sana. Chumvi iliyokuwamo kwenye udongo, mchanga au simiti imeyeyuka katika maji ya ujenzi, na maji yakikauka usoni mwa ukuta yanaiacha pale. Isugue kwa brashi ngumu iliyo kavu, uizoe na uitupe mbali na msingi. Usiioshe kwa mpira wa maji: utaiyeyusha, irudi ndani, na ukuta ukikauka itatoka tena. Kila msimu itapungua.

Kama nyumba ina miaka mingi na unga umeanza juzi, kuna maji mapya yaliyopata njia. Angalia kilicho upande wa pili wa ukuta huo. Ni bafu? Ni sinki la jikoni? Shimo la maji machafu limechimbwa hatua chache kutoka hapo? Shimo la namna hiyo haliongezi maji tu, linaongeza na chumvi yenyewe.

Kuna weupe mwingine unaofanana na huo lakini si huo. Ni michirizi migumu, imeshuka kutoka kwenye ungio moja (mstari wa mchanganyiko kati ya matofali) ikagandia tofali. Idondoshee maji. Chumvi nyingi huyeyuka, hii haiyeyuki. Kisha kamulia ndimu: ikitoa vipovu, ni chokaa iliyosombwa kutoka ndani ya ukuta, na maana yake ni kwamba maji yanapita katikati ya ukuta, hayaugusi kwa nje tu. Mahali pa kutafuta ni juu ya mchirizi: kingo ya dirisha, linta (boriti iliyo juu ya dirisha au mlango), au kichwa cha ukuta ambacho hakikufunikwa.

Chini ya ukuta hapakauki

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu inasababishwa na mambo matatu tofauti na watu wanayapa dawa moja.

La kwanza ni matone yanayoruka. Paa lisilo na gata huangusha maji kwenye mstari mmoja, ardhi inachimbika, na kila tone linaruka na tope na kuupiga ukuta. Utalijua kwa rangi: ukuta una madoa mekundu hadi karibu na goti, mazito zaidi chini ya ukingo wa paa, hafifu kule ambako upenu ni mpana. Fanya hesabu uone uzito wa jambo hili. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wa paa wenye mita 40 za mraba ukipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya alasiri, lita 1,200 zinaanguka kandokando ya msingi wako. Hakuna simiti itakayoshindana na hilo kila wiki.

Dawa yake ni gata yenye mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita, bomba la kushusha maji, na njia ya kuyapeleka mbali. Kama yanaingia kwenye tangi, chunguza mahali tangi linapomwaga likijaa. Nimeona nyumba nyingi zenye gata nzuri kabisa ambazo tangi lake linamwaga ziada yote kwenye kona ya nyumba, na kona hiyo ndiyo inayooza. Ukanda wa zege kuzunguka nyumba unafaa ukiinamia nje. Ukiinamia ukutani ni bora usingekuwapo. Asiye na uwezo wa zege amwage kokoto upana wa sentimita 50 hivi chini ya mstari wa matone. Tone likiangukia kokoto halirushi tope.

La pili ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Huu hauna madoa ya tope. Mpaka wake wa juu umelingana kiasi, pengine umefika nusu mita au mita moja, na ukingo huo una chumvi. Hata kiangazi haupotei kabisa. Swali la kwanza hapa ni kama nyumba ina ile karatasi nzito ya kuzuia unyevu ambayo mafundi huiita DPC, inayolazwa juu ya msingi kabla ya kozi, yaani safu za matofali, za ukuta. Nyumba nyingi zinayo, ila imerukwa. Mwenye nyumba amemwaga murram uani mara tatu ili gari lisikwame, amepandisha kitalu cha maua ukutani, amejenga baraza, au fundi wa plasta ameshusha plasta yake hadi ardhini. Maji yanapita juu ya kizuizi kama hakipo. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya karatasi hiyo angalau sentimita 15. Chukua sepetu. Ni kazi ya jasho la siku moja, na ni ya bei rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa.

Ikiwa karatasi haikuwekwa kabisa, inawezekana kuiingiza kwa kukata ungio vipande vifupi vifupi, kimoja kikikauka ndipo uende kingine. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua anachokifanya, na mimi singeianza kabla ya kushusha udongo, kuelekeza maji ya paa na kungoja msimu mzima. Mara nyingi ukuta unajikaukia wenyewe na gharama hiyo huihitaji tena.

La tatu ni bomba linalovuja chini kwa chini. Doa liko mahali pamoja, halifuati mvua. Funga koki zote za maji usiku, soma mita ya maji, isome tena alfajiri. Namba zikiwa zimesogea, tafuta bomba kabla ya kugusa ukuta.

Katika hali zote tatu, ombi analopata fundi ni lile lile.

"Fundi, nipigie plasta ya simiti huku chini, mita moja tu, yaishe."

"Mama, huku chini yataisha. Yataanza huko juu."

Na ndivyo inavyokuwa. Maji yaliyokuwa yanatoka usoni mwa tofali sasa yamezibiwa, kwa hiyo yanaendelea kupanda nyuma ya plasta hadi yapate pa kutokea. Baada ya muda plasta nayo inalia kitupu ukiigonga, kisha inabanduka na uso wa tofali.

Tofali linameguka

Liangalie kwa karibu linameguka vipi, kwa sababu kuna namna tatu na hazifanani.

Kama tofali zima limegeuka unga, limeingia ndani kwenye kingo zake huku majirani zake wakiwa wazima, halikuiva tanurini. Ligonge kwa mpini wa mwiko. Lililoiva linalia kwa sauti kali ya chuma. Bichi linatoa mshindo mzito usio na mlio. Likwaruze kwa msumari, likichimbika kwa urahisi ndilo hilo. Tofali la namna hii halitibiki. Linatolewa.

Kama kilichobanduka ni ganda la usoni tu, na maungio ya simiti yamebaki yametokeza mbele kama fremu tupu, tofali halina kosa. Kosa ni mchanganyiko mgumu kuliko tofali. Ukuta wowote wa nje hunywa maji ya mvua na kuyatoa ukikauka, na maji hutokea pale penye upenyo rahisi. Ungio likiwa laini kuliko tofali, yanatokea hapo, ungio ndilo linalolika, na baada ya miaka unalijaza upya. Ungio likiwa la simiti kali, maji na chumvi yake hutokea kwenye tofali, chumvi inaganda chini ya uso, inatanuka, uso unaruka. Vanishi ya kung'arisha matofali na rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, hasa zikipakwa ukuta ukiwa bado na unyevu. Najua vanishi inapendeza. Ila ukiona inachubuka kwa malengelenge na chini yake pana unga mweupe, usirudishie koti la pili. Ikwangue na uuache ukuta upumue. Miongozo ya Ulaya hulaumu barafu kwa tatizo hili, kwa kuwa huko maji huganda ndani ya tofali. Kwetu barafu iko kileleni mwa Rwenzori, haiko ukutani. Huku kazi hiyo inafanywa na chumvi na kulowa na kukauka kusikokwisha.

Namna ya tatu ni vishimo vidogo vya duara, na katikati ya kila kishimo kuna punje nyeupe. Udongo ulikuwa na vipande vya chokaa, vikachomwa pamoja na tofali, kisha vikanywa maji na kuvimba. Vikishatoka vyote vinakoma. Ni sura mbaya tu, siyo hatari, isipokuwa kama ni vingi hadi tofali limegawanyika.

Kutoa tofali bovu kunataka subira. Chimba maungio yanayolizunguka kwa tindo nyembamba, usilipige tofali lenyewe kwa nyundo kubwa maana utalegeza majirani. Toa moja moja, na usitoe mawili yanayofuatana chini ya linta au chini ya mbao za paa bila kuweka egemeo. Safisha shimo, lilowanishe. Tofali jipya lizamishe kwenye ndoo hadi vipovu vikome, kisha liache uso ukauke kidogo. Tofali kavu litanyonya maji ya mchanganyiko kabla haujashika. Pima kabla ya kununua, kwa sababu fomu za kienyeji hazina kipimo kimoja, na tofali la tanuri la leo linaweza kuwa nene kuliko lako kwa sentimita nzima.

Mchanganyiko wenyewe: kwa tofali lililoiva vizuri, simiti 1, chokaa 1, mchanga 6. Kwa tofali laini, simiti 1, chokaa 2, mchanga 9. Fundi akikuambia 1 kwa 3 bila chokaa ili "ishike vizuri", mshukuru na umkatalie. Chokaa si kitu kigeni hapa, mawe yake yapo Tororo na Kasese, lakini hakikisha unayonunua ni ya ujenzi, siyo ile ya kumwaga shambani. Vaa glavu na ukinge macho, inaunguza.

Maungio yamelika

Ukiweza kuingiza kidole kati ya kozi mbili, ni wakati wa kujaza upya. Kwangua mchanganyiko ulioharibika hadi kina cha sentimita 2 au mbili na nusu, kwani ukipaka juujuu tu utadondoka kabla ya mwaka. Fagia vumbi, nyunyizia maji, shindilia mchanganyiko kwa tabaka mbili, kisha umalize kwa kuulaza ndani kidogo ya uso wa tofali ili maji yasipate rafu ya kukalia. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku tatu.

Mchanga ujaribu kwanza. Tia kwenye chupa hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache usiku kucha. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au ununue mwingine.

Nyumba nyingi, hasa nje ya miji, zilijengwa kwa tope ndani ya ungio na simiti kidogo ya usoni. Simiti hiyo ikianguka, mvua huchota tope kwa kasi na kozi zinaanza kukaa juu ya hewa. Hapa rudishia udongo ulioshindiliwa, kisha ufunike uso kwa chokaa 1 na mchanga 3. Kuijaza simiti tupu ni kuweka jiwe mbele ya tope; vitaachana.

Nyufa

Kabla ya kuziba, uliza kama ufa unatembea. Chora kistari kwa penseli kwenye ncha zake mbili, pima upana katikati, andika tarehe pale pale ukutani. Rudi mwishoni mwa mvua na mwishoni mwa kiangazi. Ufa wa unywele usiobadilika ni wa kuzibwa na kusahauliwa. Unaopanuka kiangazi na kujifunga mvua zikija unasema udongo wa chini ni mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, kama ule mweusi wa Karamoja. Huo kuuziba ni kazi bure, shughulikia maji yanayofika kwenye msingi na miti iliyo karibu. Mkaratusi kando ya ukuta hunywa maji mengi sana ardhini, na kiangazi udongo unaokauka chini ya kona unaishusha kona.

Ufa unaopanda kwa ngazi kupitia maungio ni msingi unaoshuka. Ukiwa mpana zaidi chini kuliko juu, katikati ya ukuta pamezama. Ukiwa mpana juu, ncha ndizo zinazozama. Uliza wazee wa mtaa palikuwa na nini kabla ya nyumba. Kichuguu kilichosawazishwa bila kuchimbuliwa, shimo la choo cha zamani na ardhi ya bondeni iliyojazwa kifusi ni majibu ya kawaida.

Ufa wa mlalo juu ya dirisha ukiwa na doa la kutu: nondo ya linta inaota kutu na kuvimba. Pabomolewe hadi kwenye chuma, kisuguliwe, kikingwe, ndipo zege lirudi. Ufa wa mshazari kwenye pembe za dirisha mara nyingi unatokana na linta fupi isiyokaa vya kutosha juu ya ukuta pande zote mbili.

Walio magharibi, kuanzia Fort Portal hadi Kasese na Bundibugyo, wana la ziada. Eneo hilo la Toro lilitikiswa vibaya na tetemeko la ardhi Machi 1966, na tena Februari 1994. Huko, baada ya kila tetemeko, angalia pale kuta mbili zinapokutana kwenye kona. Zikianza kuachana, hasa kama nyumba haina mkanda wa zege uliozunguka juu ya madirisha, mwite mhandisi. Mwite pia popote pale ufa ukizidi milimita 5, ukuta ukiwa umefura tumbo, au timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) ikionyesha umeinama. Familia isilale upande huo wakati mnangoja.

Ukoga wa kijani na njia za mchwa

Ukoga ni dalili tu ya kivuli na maji. Punguza matawi, rekebisha gata, kisha sugua kwa brashi ya nyuzi, siyo ya waya, maana waya unakwangua ngozi ya tofali. Dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja kwa nne za maji, ikae robo saa, halafu suuza kwa maji machache. Mimea iliyootesha mizizi ndani ya ungio usiivute. Ikate, iache ife, ndipo uichomoe.

Mchwa hawali tofali, lakini hupenda tope lililo kwenye maungio, na wanapitia humo kwenda kwenye mbao za paa. Ukiona mfereji wa udongo umepanda ukutani, uvunje kipande katikati na uchungulie baada ya siku mbili. Ukiwa umezibwa upya, wamo, na anayetakiwa ni mtu wa dawa ya mchwa, aanzie ardhini kuzunguka msingi. Panda pia ukaangalie mbao ambazo mfereji ule ulikuwa unaelekea.